Alikuwa na digrii ya sheria, akachagua chaki ya Wajir

Binamu yangu alinipigia simu wiki jana usiku, sauti imekauka kwa kulia. Yuko Garissa, mtaa wa Bulla Iftin, amemaliza shule, na KUCCPS imemtumia majibu. Alitaka sheria. Pointi zikakosa kidogo tu. Akapewa ualimu, Hisabati na Kemia. Nyumbani watu wameanza kumpa pole, ati avumilie, Mungu ana mipango yake. Kuna shangazi mmoja amemshika mkono kabisa kama watu wafanyavyo kwenye msiba. Swali lake lilikuwa moja: aende, ama aombe kubadilishiwa kozi kabla dirisha halijafungwa?

Sijui kwa nini alinichagua mimi. Kwa ukoo wetu mimi ndiye mfano wa kile ambacho kijana hatakiwi kufanya. Niliingia ualimu kwa mlango huo huo, nikaacha mwaka wa pili, na sasa naandika vitu kwa intaneti kutoka chumba kimoja Eastleigh, nikiangalia tokeni za stima zikishuka. Chuo hakikunikosea chochote. Niliacha kwa sababu nilikuwa nasubiri ile asubuhi nitaamka nikijikuta naupenda ualimu, na asubuhi hiyo haikufika.

Kwa hivyo sikumpa jibu. Nilimwambia nitamwandikia kuhusu mwanamke mmoja aliyekuwa na hiyo digrii ya sheria tunayoililia, akaiweka kando, akaja kufundisha Wajir. Halafu nikaona wacha niandike hapa, maana najua binamu yangu hayuko peke yake.

Anaitwa Annalena Tonelli. Ukitaja jina hilo Wajir mbele ya wazee hutahitaji kueleza ni nani. Ukilitaja Nairobi, hata kwa wasee waliosoma, wengi watakuuliza kama ni mwanamitindo.

Alizaliwa Forlì, mji ulio kaskazini mwa Italia, tarehe 2 Aprili 1943, vita vya pili vya dunia vikiwa bado vinawaka. Tarehe hiyo, 2 Aprili, sisi wa Garissa hatuwezi kuisoma tukapita tu. Nitarudi hapo.

Alisomea sheria, akahitimu. Lakini kwa miaka sita hivi, wakati wenzake wanasoma na kujitafutia nafasi nzuri, yeye muda wake mwingi ulikuwa unaishia kwenye mtaa wa maskini wa mji wao, na watoto ambao hakuna aliyetaka kukaa nao. Alimpenda sana Gandhi, na alikuwa na imani kali ya Kikristo, ila hakuwahi kuwa mtawa wala kujiunga na shirika lolote la dini. Watu wengi humwita sista. Hakuwa sista. Alikuwa mwanamke wa kawaida asiye na mume, asiye na mshahara wa shirika, asiye na mtu wa kumtuma. Hiyo itakuwa shida yake kubwa baadaye, ngoja.

Mwanzoni mwa 1969 aliondoka Italia akaja Kenya. Alikuwa hajafika miaka 26. Na hapa ndipo hadithi yake inanichoma mimi binafsi, kwa sababu ukiisoma haraka unadhani ni ile hadithi ya wito: mtu anasikia sauti moyoni, anaacha yote, anakuwa mwalimu. Sivyo. Miaka mingi baadaye, akieleza maisha yake, alikiri wazi kwamba alikuja kama mwalimu kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee aliyoona angeweza kuifanya vizuri bila kumdhuru mtu. Udaktari hakuwa nao. Sheria ya Italia ingemsaidia nani kwenye visima vya Wajir? Darasa lilikuwa mlango uliokuwa wazi, akaingia.

Yaani hata yeye, kwa maana fulani, alichukua ualimu kwa sababu ndio uliopatikana. Kama mimi. Kama binamu yangu. Tofauti inaanzia hatua ya pili.

Alianza kufundisha huku juu, upande wa Mlima Kenya, kwa muda mfupi, kisha akaenda Wajir, shule ya sekondari ya serikali. Lazima uelewe Wajir ya wakati huo ilikuwa vipi. Vita vya Shifta vilikuwa vimedumu kuanzia 1963 hadi 1967. Serikali ilikuwa imekusanya watu wa kuhamahama kwa nguvu na kuwafungia kwenye vijiji vilivyolindwa na askari, na ngamia wengi wakafa ama wakauawa. Vita viliisha kwenye karatasi lakini sheria ya hali ya hatari kwa eneo letu ilibaki hadi 1991. Ndiyo maana hadi leo kuna wazee wakisafiri kwenda Nairobi husema wanaenda Kenya. Si mzaha ule, ni kumbukumbu.

Sasa fikiria mtoto wa mfugaji kwenye shule ya serikali miaka miwili, mitatu baada ya hayo. Kwake serikali ni bunduki, na shule ni jengo la serikali. Mwalimu anayeingia darasani anabeba yote hayo mgongoni, hata kama yeye mwenyewe hakumkosea mtu.

Walimu hawakutosha. Waliotumwa kutoka bara waliona Wajir kama adhabu, na wengi wao kweli walipelekwa kama adhabu. Kwa hivyo Annalena alijikuta akifundisha karibu kila somo. Usiku alikuwa anaandaa masomo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyasomea, na muda uliobaki anajifunza Kisomali, mila, nani anasalimiwaje, nani anaketi wapi. Hakufundisha ili siku ziishe. Aliamini kwamba elimu ndiyo itakayowatoa wale vijana kwenye hali waliyokuwa wamewekwa, na aliamini hivyo kwa dhati, si kama sisi tunavyoandika kwenye fomu ya kuomba mkopo wa HELB. Wanafunzi wake wengi walikuja kuwa watu wa maana kwenye jamii, jambo alilolitaja kwa fahari hadi uzeeni.

Nimefikiria sana hizo usiku za kuandaa masomo. Mimi nikiwa chuo nilisubiri kupenda kazi kwanza, ndipo nitie bidii. Nadhani kwa Annalena ilikwenda kinyume.

Wacha tuje kwenye maji, kwa sababu maji ndiyo yaliyobadilisha maisha yake.

Wajir ina visima vingi vya karibu, huchimbi mbali ukayapata. Lakini maji yake ni ya chumvi. Ukinywa glasi moja unajua. Mvua ni chache, na maji matamu ni yale tu ya kukinga. Annalena, kama mwalimu wa sekondari, alipewa nyumba nzuri ya serikali, yenye paa lililokinga mvua. Kwa mji ule, hiyo ilikuwa mali.

Hospitalini kulikuwa na wagonjwa wa kifua kikuu waliotengwa. Ugonjwa ule ulikuwa aibu: ukiitwa mgonjwa wa TB, binti zako hawaolewi, watu hawanywi kwenye kikombe chako, na ukoo unaweza kukuacha hospitalini uende polepole. Annalena akitoka darasani alianza kuwatembelea. Hakujua chochote kuhusu tiba. Basi alifanya alichoweza: alijaza mitungi maji ya mvua ya paa lake la ualimu, akaibeba hadi wodini, akamwaga yale ya chumvi kwenye vyombo vyao na kuwajazia yale matamu.

Hakuna aliyemshukuru. Kwa maelezo yake mwenyewe, walikuwa wakimfanyia ishara amalize haraka aondoke. Alikuwa kijana, kwa hivyo maneno yake hayana uzito. Alikuwa mzungu, alikuwa Mkristo, na watu waliogopa amekuja kubadilisha watoto wao dini. Na zaidi ya yote hakuwa ameolewa, jambo ambalo kwetu hata leo mtu akilikataa kwa hiari watu wanaona lazima kuna kasoro iliyofichwa. Aliendelea kuleta maji. Miaka ikapita. Hakuhubiri. Aliheshimu dini ya watu waliomzunguka, na polepole wakaacha kumchunguza.

Wanawake wengine walikuja kuungana naye, akiwemo Maria Teresa Battistini, na pamoja wakaanzisha kituo cha watoto wenye ulemavu: waliopooza kwa polio, viziwi, vipofu, wenye kifafa. Wakati ule mtoto wa aina hiyo kwa familia inayohama na ngamia alikuwa mzigo usiobebeka. Pale kituoni waliishi kama familia moja, na walisoma. Kumbuka hilo la kusoma, kwa sababu popote alipokwenda baada ya hapo, hata akifungua hospitali, baada ya muda mfupi utakuta kumeota darasa.

Mwaka 1976 akapewa jukumu ambalo limeandikwa kwenye historia ya tiba: kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu kwa watu wa kuhamahama. Tatizo lilikuwa hivi. Tiba ya TB ya wakati huo ilichukua mwaka mmoja na nusu hivi. Mfugaji hawezi kukaa mahali pamoja mwaka na nusu. Mvua ikinyesha kule, ngamia wanaenda kule. Mgonjwa akianza kujisikia nafuu anafunga virago, anaacha dawa katikati, ugonjwa unarudi ukiwa sugu kuliko mwanzo, na anawaambukiza watoto. Wataalamu wengi walikuwa wamekata kauli kwamba watu wa kuhamahama hawatibiki.

Jibu lake lilikuwa kuacha kupigana na maisha ya watu. Wagonjwa walikuja na vibanda vyao vya mikeka, ile herio ya Kisomali, wakavisimamisha kwenye uwanja nje ya mji, na familia zao zikaja nao. Ikaitwa manyatta ya TB. Dawa mpya zilizofupisha tiba hadi miezi sita zilikuwa zimeanza kupatikana. Kila siku, kila mgonjwa alimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu. Ukikosa, unatafutwa. Ukimaliza, unafungua kibanda chako unakipandisha kwa ngamia, unarudi nyumbani ukiwa umepona.

Katika miaka ya 90 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mkakati wa aina hiyo hiyo, wa kumeza dawa chini ya uangalizi, uwe njia ya kupambana na TB duniani kote. Wataalamu wanaueleza kwa lugha ya kitabibu. Mimi, mtu wa kuacha chuo, nikiusoma naona rejista ya darasa. Jina lako linaitwa kila asubuhi, usipoitikia mtu anakuja kwenu kuuliza uko wapi. Daktari huandika dawa akakuambia rudi baada ya mwezi. Ni mwalimu tu ndiye atakayeamua kwamba kuja kila siku ndiyo nusu ya kazi.

Na hakuridhika na kukisia. Alirudi shule. Akapata vyeti vya udhibiti wa kifua kikuu hapa Kenya, tiba za nchi za joto kule Uingereza, na tiba ya ukoma Uhispania. Mtu mwenye digrii ya sheria, mwalimu wa masomo yote, anakaa tena kwenye dawati na wanafunzi wadogo kwake. Sitasema zaidi kuhusu hilo, linaniuma.

Halafu ikaja Februari 1984.

Kama wewe ni kijana wa Kenya na hujui Wagalla, si kosa lako kabisa, haikuwa kwenye vitabu tulivyopewa. Kuanzia tarehe 10 mwezi huo, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa Degodia kutoka Wajir na vijiji vya karibu, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita chache magharibi mwa mji. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, wengine wakapigwa, wengine wakapigwa risasi. Maiti nyingi zilitupwa vichakani mbali na hapo. Serikali kwa miaka mingi ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipochunguza ilikataa hesabu hiyo na kusema idadi yenyewe haijulikani, huenda ikafika karibu 1,000. Jamii inataja maelfu.

Annalena alitoka na gari kuwatafuta waliokuwa bado wanapumua. Waliopatikana alileta kutibiwa, waliokufa akasaidia kuzikwa. Na akafanya jambo la hatari zaidi: akakusanya habari. Majina, hesabu, ushahidi, na zikapenya hadi kwa mabalozi Nairobi kupitia Barbara Lefkow, mke wa mwanadiplomasia wa Marekani. Bungeni alikuwepo Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi, aliyepiga kelele hadharani. Bila watu kama hawa watatu, pengine leo tungekuwa tunaambiwa Wagalla ni porojo za wazee.

Hapo ndipo kutokuwa na shirika nyuma yake kulimgharimu. Hakukuwa na askofu wa kumtetea wala ofisi Roma ya kupiga simu Ikulu. Alihojiwa, alitishwa, na aliamini kwamba mara mbili aliwekewa mtego wa kuuawa akanusurika. Mwaka 1985 Kenya ikamfukuza. Miaka 15 hivi ya Wajir ikaishia kwenye barua ya kuondoka.

Mtu mwingine angerudi Forlì kupumzika, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye baada ya muda alivuka mpaka akaenda Somalia. Kazi ikawa ile ile: Beledweyne, Mogadishu, Merca, kifua kikuu na njaa, na vita vilipolipuka 1991 alikuwa bado huko akilisha watu. Alipigwa na kuibiwa zaidi ya mara moja. Alipoondoka Merca, kazi yake hospitalini ilichukuliwa na daktari Mwitaliano, Graziella Fumagalli. Oktoba 1995 Graziella akapigwa risasi na kufa pale pale kazini.

Baada ya hapo Annalena akaanza upya Borama, Somaliland, 1996. Alikuwa na miaka 53. Hospitali ya TB ikakua hadi kuwa na mamia ya wagonjwa. Na kama nilivyosema, darasa likaota. Wagonjwa wanaosubiri miezi ile ya dawa walifundishwa kusoma na kuandika, kulikuwa na Kurani kwa wanaotaka, kulikuwa na Kiingereza. Akafungua shule ya watoto viziwi na wenye ulemavu, jambo ambalo Borama haikuwa nalo. Akaleta madaktari wa macho kuwatoa wazee mtoto wa jicho. Akasimama na kina mama waliokuwa wanapinga ukeketaji. Akawapokea wagonjwa wa UKIMWI, na hapo baadhi ya wakazi wakachoka naye, kukawa na maandamano, mawe yakarushwa. Tusimpake rangi ya malaika apendwaye na kila mtu. Alipendwa na wengi, alichukiwa na baadhi, na alijua.

Alikuwa akila kidogo, analala saa chache, hana mshahara, hana akiba ya uzeeni. Sijui kama ningetaka mtu wangu aishi hivyo. Nikisoma kuhusu maisha yake kuna mahali natamani mtu angemwambia alale, bana, kesho pia ni siku.

Juni 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen, inayotolewa kwa watu waliowatumikia wakimbizi. Zilikuwa dola 100,000. Hakupenda kujulikana, alikubali kwa sababu hospitali ilihitaji pesa. Miezi michache tu ikapita. Jioni ya 5 Oktoba 2003, ndani ya uwanja wa hospitali yake, baada ya kuzungukia wagonjwa, alipigwa risasi kichwani. Alikuwa na miaka 60. Wiki mbili baadaye, kule Sheikh, Somaliland hiyo hiyo, waliuawa Dick na Enid Eyeington, mtu na mkewe kutoka Uingereza, nyumbani kwao shuleni. Wao pia walikuwa walimu.

Majivu yake yalirudishwa Wajir. Nchi ilimfukuza akiwa hai, akarudi hivyo.

Nilisema nitarudi kwenye 2 Aprili. Siku ambayo Annalena angetimiza miaka 72, mwaka 2015, alfajiri, magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Nilikuwa kidato cha pili. Tulisikia milio tukiwa tumemaliza sala ya alfajiri, tukadhani ni askari wanafanya mazoezi. Watu 148 walikufa, 142 kati yao wanafunzi. Chuo kile zamani kilikuwa chuo cha kufunza walimu, kikafanywa tawi la Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2011, na wengi wa waliokuwa pale walikuwa wakisomea ualimu. Walitoka Kisii, Kitui, Bungoma, Kiambu. Wengine bila shaka walikuja kwa sababu pointi ziliwapeleka tu. Sidhani sababu hiyo ina maana yoyote sasa.

Miezi michache kabla, Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilisimamishwa wakauawa watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo. Januari shule zilipofunguliwa, mwalimu wetu wa Kemia hakurudi. Simlaumu hata kidogo, alikuwa na watoto. Aliyechukua nafasi yake alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka huo, akitusomea kitabu tukinakili. Kemia yangu iliishia hapo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapo hapo kaunti yetu, na walimu wasio wa eneo hili wakahamishwa kwa mkupuo. Watoto wa Garissa, Wajir na Mandera wakabaki na ubao mtupu tena.

Kwa hivyo jana nilimpigia binamu yangu, nikamsimulia yote haya kwa simu, karibu saa nzima, hadi kadi ya muda wa maongezi ikaisha nikakopa nyingine. Hakulia safari hii. Alisikiliza. Mwishoni aliuliza kitu kimoja tu: huyo mama alikuwa akifundisha somo gani?

Nikamwambia karibu yote, hakukuwa na mtu mwingine.

Akanyamaza. Halafu akasema mama yake anamwita, akakata simu. Dirisha la kubadilisha kozi linafungwa Ijumaa. Bado hajaniambia.